Jezi Namba Nane na Mahindi ya Juu ya Moshi

Gongoni, Tabora
8 Septemba 2024

Kwa Bibi Koleta, mke wangu wa pekee,

Shikamoo. Habari za Tura? Kifua kimeacha kukusumbua na hili vumbi la kiangazi? Mimi mzima, nachomelea mageti na vitanda vya watu mchana kutwa. Nimepata barua yako na karanga. Ila mistari yako siku hizi inapanda juu kama mbuzi kwenye kichuguu, mpaka mwingine umekaa juu ya mwenzake. Umeanza kuandika huku unasinzia?

Ama baada ya salamu, tumeanza mazoezi ya msimu mpya. Kikosi ni chembamba, Bibi. Raga inataka watu kumi na watano uwanjani, na nje wengine wanane wa kuingia wenzao wakichoka au wakiumia. Sisi hatufiki ishirini, na hapo nimemhesabu Lukumani ambaye kidole chake hakijapona. Alois ameenda mgodini. Eustace ameoa, na mkewe akisikia neno raga anafunga mlango. Kwa hiyo Kocha Levina anasema kama hatuna watu wengi, basi tuwe na pumzi nyingi. Kila alfajiri tunakimbia hadi Kwihara kwa njia ya zamani ya misafara, mmoja nyuma ya mwingine, kila mtu na mfuko wa mchanga begani.

Kuna jambo nataka nikwambie wewe tu. Juzi nilikuwa wa mwisho kwenye mstari (usicheke, nilisimama kufunga kamba za kiatu). Vumbi lilikuwa bado limelala, na jua lilikuwa halijaamua kutoka. Nikasikia miguu nyuma yangu. Si ya viatu, ni ya peku, mingi, inakwenda taratibu kwa mpango mmoja. Nikageuka. Njia ilikuwa tupu. Nilipoanza kukimbia, nayo ikaanza. Sikuogopa, na hilo ndilo linalonishangaza.

Ligi inaanzia Dodoma. Tutapita hapo Tura kwa treni Alhamisi ya tarehe 14 Novemba. Nitasimama mlangoni nimevaa jezi yangu namba nane, nikupe mgongo uisome vizuri, halafu nigeuke nikuite. Ole wako usiwepo.

Mumeo na mjukuu wako,
Leodgar

*

Tura
19 Septemba 2024

Mume wangu Leodgar,

Marahaba. Kifua kipo, tunapokezana kukohoa mimi na jogoo. Jirani yetu Zabibu anakuja Tabora kuuza asali, nimempa hii barua na chupa moja ya kwako. Usimpe Kocha wako yote. Nasikia ni mwanamke na anawakimbiza wanaume na mizigo begani kabla hawajanywa chai. Nampenda kabla sijamwona.

Mistari yangu iache. Wewe mwenyewe andika herufi kubwa, karatasi si ghali kiasi hicho.

Hiyo miguu isikusumbue. Babu yangu alitusimulia kwamba baba yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe hadi pwani na kurudi na nguo. Alikuwa na nundu begani, mahali mzigo ulipokaa, na watoto wa nyumba nzima walikuwa wakigombania kulaza kichwa hapo wakati wa usingizi. Sijui ni kweli kiasi gani, maana na mimi nilisimuliwa nikisinzia. Lakini naamini wale watu bado wanatembea, wengine walikuwa hawajafika nyumbani. Siku nyingine ukiwasikia, wape salamu, sema mwangaluka, kisha endelea. Usiwageukie. Mwenye mzigo hapendi kutazamwa usoni.

Nimewaambia wanawake wa jumuiya kwamba mume wangu atapita na treni. Apolinaria, yule mwenyekiti wetu, ameuliza kama raga ndiyo ule mchezo wa kunyang'anyana yai. Nimemwambia ndiyo, na wewe ndiye unayelibeba. Nimeshapeleka kitenge kwa fundi.

Goti lako vipi? Hukulitaja, nami nimekulea, najua usichokitaja.

Mkeo,
Bibi

*

Gongoni
6 Oktoba 2024

Bibi,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi sijambo, goti nalo halijambo. Kazi zimekuwa nyingi, kuna shule imeagiza madawati. Mazoezi yanaendelea. Joto la Oktoba limeanza na usiku halali mtu.

Asante kwa asali. Nitaandika nikipata nafasi.

Mjukuu wako,
Leodgar

*

Tura
24 Oktoba 2024

Mume wangu,

Hujambo? Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi mpaka nikaigeuza nyuma nione kama imeendelea. Hukuniita mke. Nikajua ama umepata mwingine, ama kuna jambo.

Kumbe jambo lipo na ni la heri! Zabibu amerudi jana kutoka Tabora. Alimkuta Lukumani sokoni, akamuuliza habari zako. Lukumani akamwambia, "Leodgar msimu huu Kocha kamweka akiba." Zabibu alinieleza kwa sauti ya chini kama anayeleta msiba, sijui kwa nini, nami nikapiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika.

Akiba! Leodgar, unakumbuka jikoni kwangu, ulipokuwa mdogo? Tukivuna mahindi nilikuwa natazama hindi moja moja. Mengine tunakula, mengine tunauza. Lile lililojaa hadi ncha, mistari yake imenyooka, halikuliwi. Nalifunga kwa maganda yake nalitundika juu ya moshi, dumuzi asiliguse. Uliwahi kulia njaa chini ya mahindi hayo, nikakupa kiazi, sikuyashusha. Mtu haweki akiba kilicho kibovu. Huyo Kocha Levina ni mkulima, amekutazama akaona usichezewe ovyo.

Leo jumuiya ilikutana kwangu. Nikasimama nikatangaza. Wanawake wote wakapiga vigelegele, na Apolinaria akasema watakuja stesheni na kanga zao za sare. Kwa hiyo jipange, usije ukalala ndani ya treni siku hiyo.

Akiba haiozi, mume wangu. Nina furaha mno.

Mkeo,
Bibi

*

Gongoni
29 Oktoba 2024

Bibi,

Shikamoo.

Sijui nianzie wapi. Nimesoma barua yako mbele ya karakana, wateja wakinisubiri, nikashindwa hata kuwasha mashine.

Bibi, kwenye mchezo akiba si mahindi ya mbegu. Mchezaji wa akiba ni yule anayekaa benchi kwa sababu wenzake wamemzidi. Anavaa jezi safi na anarudi nayo safi. Kocha alitupima pumzi mwishoni mwa Septemba, kukimbia mbio fupi fupi na kurudi mpaka mtu ashindwe. Mimi ndiye nilishindwa wa kwanza. Goti lilivimba mpaka suruali ikakataa kupanda. Namba nane amepewa Bundala, kijana wa Igunga, amekua akikimbiza ng'ombe, hajui kuchoka. Misimu sita nimeivaa ile jezi. Hata siku ile niliyokwambia nilikuwa nafunga kamba za kiatu, nilikudanganya. Nilikuwa nimebaki nyuma kwa sababu ya goti.

Kocha alisema, "Nakuhitaji nje, wewe ndiye unayejua kazi ya kila mtu." Nilimwona ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Jana nimemwambia naacha. Najua benchi halina watu, najua mmoja akiumia hakuna wa kuingia. Watajua wenyewe.

Kwa hiyo tarehe 14 sitakuwemo kwenye treni. Waambie wanawake wa jumuiya wasijisumbue. Waambie ulikosea neno. Naona aibu, Bibi. Watu wazima wananipigia vigelegele kwa kuwa nimeshindwa.

Leodgar

*

Tura
5 Novemba 2024

Leodgar,

Hujambo, mjukuu wangu?

Zabibu aliisoma barua yako hadi katikati, akataka kuikunja. Nikamwambia endelea. Ndiyo, Zabibu ndiye ananisomea, tangu mwezi wa sita. Sasa umejua na wewe. Macho yangu yameingia ukungu. Mtu akija naona kitu cheusi kinasogea, mpaka aseme. Hizi ninazoandika, ni mkono tu unakumbuka njia, ndiyo maana mistari inapandana. Nilikusuta kuhusu goti na mimi nimeficha macho. Mficha maradhi kifo humuumbua, tumekuwa wawili.

Ni kweli, nilikosea neno. Kwetu akiba ni moja tu, sikujua kwamba mjini wanayo nyingine. Lakini sitawaambia kina Apolinaria. Vigelegele vikishatoka ni kama maji, nitavizoaje? Na pia, nikuambie ukweli, nimelifikiria hilo neno siku tatu na bado naona langu ndilo sahihi. Kocha amekwambia wewe ndiye unajua kazi ya kila mtu. Hiyo ni kauli ya mtu anayetupa kitu? Mwaka ule wa njaa tulikula kila kilichokuwemo ndani, tukabaki tunatazama juu ya moshi. Mvua iliponyesha, hayo mahindi ndiyo yalitulea, na wewe ukiwemo.

Umekasirika, kasirika. Mwanamume akinyang'anywa jezi aliyoizoea ana haki ya kununa. Mimi pia nimeumia kwa ajili yako, nimelia kidogo. Lakini usiwaache wenzako wakaenda na benchi tupu kwa sababu ya kununa.

Tarehe 14 nitakwenda stesheni. Kitenge kimeshashonwa. Jezi yako iwe namba nane au namba ishirini, mimi siwezi kuisoma. Hiyo shida imeniondokea. Nilikuwa nangoja ile sehemu ya pili, ya wewe kugeuka na kuniita. Kama hutakuwemo, mlango utapita mtupu, na hilo hata kipofu analijua.

Mkeo,
Bibi

*

Dodoma
17 Novemba 2024

Bibi, mke wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Naandika kabla sijanywa chai, na huyu hapa kondakta wa basi linalopitia Singida ameahidi barua itafika Tabora leo, Zabibu aichukue akija na asali.

Nilikuwepo.

Sikukujibu kwa sababu sikujua nitafanya nini. Jumatano alfajiri nilikwenda Kwihara peke yangu, natembea, maana kukimbia siwezi. Kulikuwa na ukungu, mvua ilikuwa inajipanga huko Isikizya. Nikaisikia ile miguu. Safari hii sikugeuka. Nikasema mwangaluka. Ikaja ikanipita pande zote mbili, Bibi, taratibu, nikasikia harufu ya jasho na nguo mpya, kisha ikapungua ikabaki mbele. Nikabaki nimesimama peke yangu, goti limeacha kuuma. Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Kocha Levina. Alikuwa anafua. Alinirushia tu jezi namba ishirini ikiwa mbichi.

Kwenye treni niliwaambia wenzangu kuhusu macho yako. Bundala akasema, "Basi sauti, si jezi." Tulipoikaribia Tura kila mtu alikuwa dirishani. Nikawaona wanawake na kanga zao, na wewe katikati na kitenge cha kijani, umeshika mkono wa Zabibu, kichwa umekielekeza kwa injini badala ya mabehewa. Kikosi kizima kikaanza kupiga kelele, "Mke wanguuu!" Hata Kocha. Nikaona unageuza kichwa huku na huku, unatafuta.

Nami nilikuwa mlangoni, Bibi, hatua chache tu kutoka kwako. Nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Nimekuja safari nzima kwa ajili ya neno moja na neno lenyewe likanikwama. Treni ikaondoka. Nimekaa siku tatu nikidhani umerudi nyumbani ukiamini kwamba sikuwemo.

Mechi tumeshindwa, lakini kidogo. Bundala alibanwa na misuli kipindi cha pili, akatazama benchi kabla hata Kocha hajatazama. Nikaingia. Wenzangu walikuwa wamekwisha, wananing'inia. Nilikuwa najua nani amechoka wapi, nikawapanga kwa sauti, mtu mmoja mmoja. Tangu nilipoingia hatukufungwa tena. Mwishoni nilianguka na mpira tumboni, wakanilalia watu sita, na pale chini gizani nikasikia miguu inakuja kunisaidia. Sikuhesabu ilikuwa ya nani.

Nimemwambia Kocha nabaki. Na wiki ya pili ya Desemba nakuja kukuchukua, tunakwenda kwa daktari wa macho. Wanasema huenda ni mtoto wa jicho tu, na hutolewa.

Nisamehe kwa kunyamaza. Nilikuwepo.

Mumeo,
Leodgar

*

Tura
27 Novemba 2024

Mume wangu Leodgar,

Marahaba. Mvua imeshuka tangu Jumapili, siku tatu, ya kutulia, ile inayoingia ardhini. Nimeshusha mahindi juu ya moshi, Zabibu anachimba na mimi nafukia kwa mguu. Kwa hiyo barua ni fupi, mikono ina udongo.

Kwa daktari nitakwenda. Kitenge si kimeshashonwa?

Waume ulioniletea ni wengi, niliwaitikia wote, na yule mwenye sauti nene mwambie mahari yake naisubiri. Lakini usiniombe radhi. Nimekulea kuanzia unanyonya. Zilipopita zile kelele zote nilizisikiliza moja moja, nikaona sauti yako haimo, na mlangoni palikuwa na mtu anapumua kwa shida. Nikamwambia Zabibu, twende nyumbani, nimeshamwona. Akaniuliza, umemwonaje na hajakuita?

Nikamwambia, yangu ameiweka akiba.

Mkeo,
Bibi