Nimejificha Migombani Mkwe Wangu Asinione

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi, ndaga tu, salamu ya kwetu Unyakyusa, naomba unisaidie kabla mjukuu wangu hajabaki wa kwenye picha. Mimi ni mkulima wa Kisiba, nina miaka sitini na tisa, na masika yaliyopita nilipigwa na homa ya virusi mpaka nikawa sijitambui, na aliyenihudumia ni Anneth, muuguzi, mke wa mwanangu Lukasi, binti wa Bukoba, akanigeuza, akaninywesha uji, akanibadilisha hata shati, na kama unatufahamu Wanyakyusa wa zamani utajua kwamba baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani, mmoja akija mwenzake anapisha njia, sasa mimi nimeonwa uso mpaka mbavu. Homa ikaisha lakini mwili haukurudi, nikilima tuta moja natweta kama nimepanda Mlima Rungwe, moyo unakimbia nikiwa nimekaa, maneno yananipotea katikati, juzi kanisani nilisimama kutoa tangazo nikasahau jina la mchungaji, naye ananitazama. Rafiki yangu Nsajigwa akasema hiyo si homa tena, ni mwiko uliovunjwa, mkwe asinione nitapona, nikamwamini, basi kila Anneth akija na mtoto kutoka Tukuyu natokea mlango wa nyuma nakimbilia migombani, kwa mbio ambazo sina. Jumapili iliyopita nikaangukia huko, miguu ikagoma, na nikiwa chini kwenye majani makavu nikamsikia akimwambia mke wangu, "Mama, nimeomba uhamisho. Baba hanitaki, nimechoka kukimbiwa." Nilitaka kuita, pumzi ikakataa. Mshauri, yule binti nampenda. Nifanyeje nipone, na yeye asiondoke?

Baba Lukasi, Kisiba

Baba Lukasi, shikamoo, na pole sana. Nimecheka hapo kwenye mbavu, naomba radhi. Kisha nimekasirika, na kwa hilo siombi radhi. Mtu huna pumzi, halafu unapiga mbio kumkimbia muuguzi!

Huyo Nsajigwa muulize swali moja: si uliugua kwanza, Anneth akaja baadaye? Homa ya virusi inaweza kwisha ikaacha uchovu, moyo kwenda mbio na kichwa chenye ukungu kama Tukuyu asubuhi, tena kwa miezi, na mtu wa umri wako huchelewa zaidi kurudi sawa. Wengi hupata nafuu polepole. Hujalaaniwa, mzee wangu.

Ila usijitibu kwa kusoma gazeti. Nenda hospitali wiki hii, wapime kifua, moyo, presha, sukari na damu, maana maradhi mengine hujificha nyuma ya uchovu huo huo. Kifua kikikubana, au ukikosa pumzi umekaa tu, usingoje kesho. Shambani lima nusu tuta, kaa chini kabla hujachoka, na siku ukiamka na nguvu usitake kumaliza shamba zima, kwa sababu nakujua, utataka.

Sasa mila. Siichezei, heshima ni kitu kizuri. Lakini wewe unapisha njia kwa heshima, na Mhaya wa watu anaona mgongo wa baba mkwe unatokomea migombani. Nani amemweleza? Wewe hapana, Lukasi naye kanyamaza kama hayumo. Binti aliyekuvusha hai anafungasha mizigo akidhani unamchukia, na huo ndio utovu wa heshima ninaouona mimi.

Kama kuonana naye kunakushinda, usionane naye. Simu haina uso. Mpigie leo, usingoje Jumapili. Mambo ya mila mkeo atamweleza, siku nyingine, kwa nafasi. Wewe sema, "Mwanangu, usiondoke." Ni maneno mawili, na pumzi uliyobaki nayo inayatosha.