Mkono wa Kanzu

Kisarawe, Jumapili

Kaka Yohana, shikamoo. Natumaini Magindu mmepata mvua kama sisi huku.

Mashindano ya sataranji yamekwisha na nimeshinda, lakini sina raha. Mchezo wa mwisho nilicheza na Mzee Shomari, fundi cherehani wa hapa. Alianza vizuri: askari wa mbele ya mfalme hatua mbili, kisha farasi. Alipotaka kutoa kete nyingine, mkono wa kanzu yake ukamgusa mfalme.

"Umemgusa, mzee. Msogeze," nikasema.

"Ni kanzu, mwalimu, si mimi."

"Sheria ni sheria: ukigusa kete, lazima uisogeze." Nami niliona wazi kwamba ni kanzu.

Akamsogeza bila ubishi. Mfalme akabaki bila kinga, nikammaliza upesi. Hakuna aliyepiga makofi.

Mchana akanialika kwake, akaninawisha mikono mwenyewe, tukala muhogo wa nazi. Nikamwomba turudie mchezo. Akatabasamu. "Kula kwanza, mwanangu." Tulipomaliza kula hakuzitoa kete, nami sikuthubutu kumkumbusha.

Mpelekee mama salamu zangu, na wanao uwapakate kwa niaba yangu. Wakiuliza habari za mashindano, waambie nilishindwa.

Mdogo wako akupendaye,
Elia