Bahasha Iliyofunguliwa Kashozi

Mjukuu wangu Koku,

Huku Kaagya hatujambo, kahawa imeanza kuiva, ila goti langu ndilo linanisumbua. Umeniuliza nina siri gani hata nimwambie fundi afute mfumo wote wa simu yangu, aweke mwingine usiopeleka habari zangu kwa makampuni makubwa.

Nilipokuwa msichana, barua zetu zilipitia sanduku la posta la mwenye duka mmoja pale Kashozi. Hakutudai chochote. Siku moja nilipoingia tu dukani akanishika mkono: "Hongera, bibi harusi!" Ndipo akanipa barua ya babu yako, bahasha imeshafunguliwa. Wiki hiyohiyo nilitembea hadi Bukoba mjini kuomba sanduku langu mwenyewe.

Juzi nilitafuta kwenye simu dawa ya goti. Tangu hapo kila nikiifungua naletewa matangazo ya magoti. Nikamkumbuka yule mwenye duka.

Fundi ameonya kwamba programu nyingine zitagoma. Nimemwambia aendelee.

Barua ile haikuwa na siri, Koku. Kijiji kizima kingekuja kujua. Nilitaka tu niwe wa kwanza.

Bibi yako