Hukuniambia Umo Ndani

Nasimiyu,

Umenikosea sana. Mtu mwenye akili kama zako, mwenye duka lake Kitale, watu wazima wakipanga foleni uwapigie chapa barua zao, anawezaje kufa bila kumwambia mtu yeyote kompyuta ni ipi? Homa ilikuchukua haraka, sikatai. Lakini ulikuwa na miaka yote kabla ya homa. Si ungesema. Tulikuzika vizuri, hapo hakuna wa kutusema. Siku ya kunyoa nywele za matanga, tulipokaa kugawana vitu vyako, tukaigawa kompyuta yako kama mbuzi. Huyu shingo, huyu mguu.

Aliyegawa ni mimi, Kukhu, nyanya yako. Nani mwingine? Wazee walikuwa wamekaa tu wakingoja chai. Nilichukua kioo, kwa sababu nilikuona ndani yake kwa macho yangu, ile siku nilikuletea kuku dukani: umembeba mwanao Nekesa, unacheka, uso umejaa kioo chote. Nikasema huyu anarudi Bumula na mimi. Lile sanduku la chini, la kelele, lililokuwa likikaa na vumbi karibu na miguu yako, nikampa baba yako mdogo Wafula. Akaenda nalo Moi's Bridge akinung'unika ati amepewa mabaki.

Kioo nilikiweka mezani, nikakifunika na kitambaa changu cheupe cha maua, kile nilichofuma mwenyewe. Mtoto wako akiuliza mama yuko wapi, namwambia yuko hapo, ngoja tupate stima. Akangoja. Akiamka asubuhi anakisalimia kabla ya kunisalimia mimi.

Stima ilipofika sokoni nilikipakia kwenye mkokoteni mpaka kwa kinyozi. Nekesa nilimvalisha gauni la kanisa. Kinyozi akachomeka waya, kioo kikawaka, nikapiga kelele ya furaha mpaka watu wakageuka. Halafu kikawa cheusi. Maneno fulani ya Kizungu yakawa yanatembea huku na huku kama mtu aliyepotea njia. Wewe hukuwapo.

Kinyozi akacheka. "Kukhu, hii ni kioo tu, bana. Mtu wako ako kwa ile boksi."

Nekesa hakulia. Afadhali angelia. Alinivuta tu nguo, ati twende.

Nikaenda Moi's Bridge bila kupumzika. Nikamkuta Wafula anatabasamu. "Mama, nilisafishiwa hiyo kitu. Ilikuwa imejaa takataka, sasa inakimbia vizuri." Takataka! Picha za mtoto, sauti yako, kazi za watu wa Kitale, yote aliita takataka, akamwachia mtu afute. Nilimtukana mpaka jirani akazima redio asikie vizuri. Nikambebesha lile sanduku, tukalipeleka kwa fundi mmoja Bungoma. Fundi akalihangaikia, akatikisa kichwa. Kisha akaniuliza jambo ambalo mpaka leo linanichoma.

"Kukhu, hakuacha kopi kwa nyumba nyingine? Watu wa hii kazi huacha, juu ya moto na wezi."

Hapo nikaikumbuka bahasha yako.

Ile Krismasi yako ya mwisho ulikuja na kitu kwenye bahasha, duara, kinang'aa, kina tundu katikati. "Kukhu, niwekee hii vizuri. Kwako ndiko hakuna mwizi." Basi. Hayo tu. Ukarudi jikoni kula viazi vyangu. Sasa nikuulize, kitu kinachong'aa chenye tundu katikati, huku kwetu kinawekwa wapi? Toka hapa mpaka Myanga hakuna shamba la wimbi lisilotundikwa sidii za kufukuza ndege. Nikasema mjukuu wangu amenikumbuka. Nikaitundika vizuri kama ulivyosema, kwa kamba ya nailoni, katikati kabisa ya shamba. Ndege walihama. Kanisani nilijigamba, ati wa kwangu wa Kitale ameniletea dawa ya ndege.

Kumbe ni wewe uliyekuwa ukizunguka kule juani. Hata siku ya kukuzika, tukitoka kaburini, niliona inamulika. Nikasema, hiyo ni nzuri, wimbi ya mwaka huu iko salama.

Kwa nini hukuniambia umo ndani? Uliona darasa langu la tatu ukadhani sitaelewa? Neno moja tu, Nasimiyu. Ungesema, Kukhu, hapa nipo mimi na mtoto, ningekufunga kwenye leso nikalala nawe. Ungeandika hata juu yake. Kalamu zilijaa duka zima.

Na mimi kwa nini sikuuliza? Ulikuwa ukiniambia kila mara, "Kukhu, kaa hapa nikuonyeshe," nami nakujibu kwamba nimelea watoto saba bila kuonyeshwa. Ndivyo nilivyokujibu.

Nilirudi shambani nikaikata kamba kwa meno. Fundi aliiosha ile sidii, akaipaka dawa ya meno, akaisugua na pamba taratibu kama anaosha jicho. Mashine yake ikaguna kama ng'ombe anayezaa. Zikatoka picha chache. Nyingi ni zangu mimi! Mimi na mwiko, mimi nimekugeuzia mgongo, mimi nakukemea uache kunipiga picha. Wewe uko kwenye moja tu. Nywele zako zipo, macho yapo, pua ipo. Chini ya pua ni kijivu kitupu, kama mtu amepaka saruji. Mdomo wako hatukuupata. Ule ule uliokuwa ukinijibu.

Fundi aliichapa picha hiyo kwenye karatasi. Nekesa aliishika muda mrefu. Akasema, "Mama." Kisha akauliza mdomo umekwenda wapi. Nikamwambia umeliwa na ndege.

Lala sasa, mwanangu. Wimbi ya mwaka huu ni nyingi, sitasema ni kwa sababu ya nani. Mtoto ninaye, na nakuahidi hili: akianza shule, siku ile ile ataanza pia kukaa mbele ya kompyuta, nami nitakaa kando yake nionyeshwe, hata nikichekwa.

Barua hii nampa Wafula aipeleke kwa fundi iingizwe kwenye sidii pamoja na wewe. Wafula, najua umeisoma yote, huna haya. Basi sikiliza. Atengeneze sidii tatu: yako, yangu, na ya shangazi yako wa Myanga. Zisikae nyumba moja. Na kabla hujatoka kwa fundi, omba kalamu isiyofutika, uandike juu ya kila moja, kwa herufi kubwa: NDANI YUPO MAMA YA NEKESA. MSIMTUNDIKE.