Sifa za Glasi Nimechukua Mimi, Mkono ni wa Mama Vipande

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi mambo vipi, naomba unisaidie mimi kijana mwenye kipaji ambaye kipaji chenyewe kimemponza. Darasani niliishia la saba, tena hilo la saba nililimaliza kwa kusukumwa kama gari bovu, kwa hiyo ukikuta nukta zimepungua humu jiongezee mwenyewe, ila ukija kwenye ukumbi wetu wa sherehe ukauliza Povu ni nani, utaonyeshwa mimi pale kaunta, fulana nyeusi, taulo begani, na watu wamepanga foleni wakisubiri glasi ninayoitengeneza, mvinyo wa povu wenye nanasi, stroberi na majani ya mnanaa, kitu baridi, kitu kinachokutekenya pua kabla hakijafika kooni. Sijisifu, naeleza.

Hilo jina la Povu nawaambia watu nilipewa kwa sababu ya ustadi. Uongo, mshauri. Miezi sita iliyopita mwalimu mkuu mmoja alikuwa anaagwa anastaafu, Jumamosi mchana, kavaa suti nyeupe kama maziwa, na mimi nilishamhakikishia bosi kwamba vinywaji vya kuchanganya navijua vyote, kumbe nimeviona kwenye simu tu, tena simu ya kuazima. Nikachukua mvinyo ambao ulishinda dirishani unaota jua, nikautia kwenye kile kikopo cha kutikisia pamoja na nanasi, mnanaa nikautwanga kwenye kinu cha vitunguu saumu mpaka ukawa mweusi, nikafunga kifuniko, nikatikisa kwa mbwembwe zote, mkono juu, kiuno chini, wageni wanapiga makofi. Sasa najua kwamba mvinyo wa povu hautikiswi. Siku ile sikujua. Kifuniko kiliruka kikagonga dari, povu likamfuata mstaafu wa watu kifuani, na kipande cha nanasi kikatua kwenye mfuko wake wa juu kama leso.

Makofi yakakatika. Bosi ananitazama kama fundi anayenipima jeneza.

Ndipo akatoka jikoni Mama Vipande, mama mtu mzima anayekata matunda, tunamwita hivyo kwa sababu kisu chake hakijawahi kutoa kipande kikubwa kuliko mwenzake. Akampa mstaafu kitambaa cha maji ya uvuguvugu na pole tatu, akanivuta sikio kistaarabu, yaani wageni wasione, akaninong'oneza, "We mtoto, unamtikisa mwenye hasira, unategemea nini?" Kumbe asubuhi alilaza chupa sita kwenye barafu bila kutumwa na mtu, na kwenye friza alikuwa na trei ya vipande vya nanasi na stroberi vimeganda kimoja kimoja, havijashikana. "Barafu yako ndiyo hii," akasema. "Barafu ya maji inazimua, tunda likiyeyuka linaongeza." Nikashika mnanaa nitwange tena, akanidaka mkono. "Jani limekukosea nini? Liweke kiganjani, lipige kofi moja tu, liamke." Akainamisha glasi, akanipa chupa. "Mimina pembeni, polepole, kama unamwogesha kichanga. Haya, subiri povu lishuke. Sasa ongeza." Nikamuuliza, mama, kwani wewe unakunywa haya? Akacheka mpaka akashika meza. "Mimi nimeokoka, mwanangu. Pua ndiyo bado."

Mstaafu akaonja, akafumba macho, akaomba ya pili, kisha akauliza kwa sauti ya darasani, "Nani katengeneza hii?" Na mimi, mshauri, mdomo ulifika kabla ya akili, nikasema, "Mimi hapa." Mama Vipande alikuwa nyuma yangu na trei tupu mkononi. Alitabasamu akarudi jikoni.

Tangu siku hiyo amenifundisha bila kunisimanga hata mara moja, amenifundisha kunusa nanasi kwenye kitako kabla ya kulinunua, kuosha mnanaa na kuukausha ndani ya taulo usilie maji kwenye glasi, kuweka mrehani badala ya mnanaa embe zikiwa tamu kupita kiasi, na kila Jumamosi nikimaliza kazi nakuta kikombe cha chai kimefunikwa kisahani, kinaningoja, na mimi mama yangu mzazi hata chai yangu hakumbuki naweka sukari ngapi. Namshukuru mpaka nashindwa pa kuanzia. Nimemnunulia shali ya sufu, ya zambarau, maana ile friza inampiga baridi mgongoni kutwa nzima, lakini shali iko kwenye begi langu wiki ya tatu sasa, kila nikitaka kumpa mkono unakuwa mzito.

Sasa sikia balaa. Wiki iliyopita bosi katukusanya, katuambia ana habari mbili. Ya kwanza, Povu anakuwa mkuu wa kaunta na picha yake akiwa na glasi inachapishwa kwenye orodha mpya ya vinywaji. Makofi. Ya pili, matunda yataanza kuletwa yamekatwa tayari ndani ya mifuko, kwa hiyo kuanzia mwisho wa mwezi hatuhitaji mtu wa kukata, "maana kukata nanasi siyo ufundi, ufundi uko hapa," akaninyooshea kidole mimi. Mama Vipande alikuwa anafuta kisu. Aliendelea kufuta. Ana mjukuu anamsomesha kwa kisu hicho hicho. Mimi nikatazama viatu vyangu. Vizuri, vinang'aa, lakini havikuwa na jibu.

Na hiyo mifuko nimeijaribu kwa siri, matunda yanaogelea kwenye maji ya sukari, ukiyatia kwenye glasi povu linakufa kabla mteja hajavuta kiti. Nikamfuata mama nikamwambia nitasema ukweli, akanijibu, "Jina langu lisiandikwe kwenye orodha ya pombe, baba, wenzangu wa ibada nitawaangaliaje?" Si unaona, kanikataza mwenyewe. Nikisema, nimemvunjia neno lake na mimi naonekana tapeli mbele ya wahudumu wote ambao huwa nawaringia. Nikinyamaza, anaondoka. Nifanyeje? Nijibu haraka, mwezi unakimbia. Na jina langu halisi usiliweke gazetini, mashabiki watakujazia mlango.

Ni mimi, Povu wa kaunta.

*

Marahaba, Povu. Nimekuzidi umri, na leo nitautumia.

Nimecheka kwenye suti nyeupe, sikatai. Nimefurahi pia kuona kijana anayekumbuka kikombe cha chai kilichofunikwa kisahani. Wengi wangekinywa tu. Moyo wako hauna kasoro, kasoro iko kwenye ulimi: ulikuwa mwepesi siku ya kusema "mimi", ukawa mzito siku ya kusema "yeye". Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wewe umesifiwa, na sasa kinachokaribia kumwagwa ni riziki ya mama wa watu.

Hiyo hoja ya kukatazwa iweke chini. Mama alikuambia jina lake lisikae kwenye orodha ya pombe. Basi lisikae. Alikuambia bosi asijue? Hakukuambia. Orodha wanasoma wageni, lakini anayeamua nani abaki jikoni ni mtu mmoja, na huyo mmoja anaamua kwa uongo uliotoka kinywani mwako. Usijifiche nyuma ya wokovu wa mtu mwingine, kijana. Wewe mwenyewe hujaokoka hata pua.

Kesho asubuhi, kabla ukumbi haujafunguliwa, mwombe bosi dakika kumi, na wahudumu wawepo, hao hao waliokupigia makofi. Glasi mbili. Mvinyo mmoja, ubaridi mmoja, mkono wako mmoja. Ya kwanza itie matunda ya ile mifuko. Ya pili itie vipande vya mama vilivyoganda na jani lililopigwa kofi. Usihubiri. Mwache anywe, alitazame povu la kwanza likifa na la pili likipanda. Akikuuliza tofauti iko wapi, sema: "Iko jikoni, bosi, na imekuwa jikoni tangu siku ya suti nyeupe. Mimi nilidanganya." Halafu mwombe Mama Vipande awe msimamizi wa matunda na majani ya ukumbi mzima, cheo ambacho hakina harufu ya pombe wala hakimwaibishi kwenye ibada yake.

Watakucheka? Watakucheka. Siku mbili, tatu, mpaka mwingine avunje sahani. Bosi anaweza kukunyang'anya picha. Sura si utabaki nayo? Na akishupaa akamwondoa mama hata baada ya kuonja, basi siku zako za mapumziko zimepata kazi: utamsindikiza kwenye kumbi nyingine ukiwa shahidi wake, na utasema kwa sauti ile ile uliyotumia siku ile.

Shali usimpe leo. Zawadi inayotangulia ukweli ni hongo, na mkono wako ulilijua hilo, ndiyo maana ukawa mzito. Mpe ukishatoka kwa bosi, uone itakavyokuwa nyepesi.

Na siku hiyo usimwache arudi kwenye friza yake hivi hivi. Mvutie kiti pale kaunta, yeye akae, wewe usimame. Chukua maji ya gesi yaliyolala kwenye barafu, vipande vyake mwenyewe, mnanaa uliopigwa kofi moja. Inamisha glasi, mimina pembeni, subiri povu lishuke, ongeza. Hakuna kileo humo, wenzake wa ibada hata wakipita waone. Mvike shali mabegani, mpe glasi, kisha unyamaze, najua utaumia.

Atanusa kwanza, namjua bila kumjua. Na akionja akainua macho akakuuliza nani katengeneza hii, safari hii usikosee.