Usukani wa Kigoma

Salome, mujukuu wangu,

Huku Kalemie tuko wazima, na mama yako amepona. Tulipiga vigelegele kusikia Kigoma watakubali diploma yako ya uuguzi ukifaulu mutihani wao! Lakini unauliza kwa nini ufanye mutihani tena, wakati huku ulishafaulu.

Hata mimi nilikasirika hapo Kigoma, nilipokuwa kijana, dereva wa lori mwenye permi ya Kongo, ile ruhusa ya kuendesha, nao wakataka nipimwe tena. Siku ya mutihani nilifungua mulango wa kushoto kama huku kwetu, nikakaa kwa majivuno. Usukani haukuwako! Ulikuwa upande wa kuume, maana kule magari yanapita kushoto.

Mupimaji akaniuliza polepole, “Sasa ndugu, utaendesha na nini?”

Nilihama kiti, nikafaulu.

Kazi unaijua, Salome. Ingia tu! Lakini mbele ya kukaa, angalia usukani uko wapi.

Nkambo wako,
Papa Kalunga