Aman wa Ukutani

Tuwan, Kitale

Senge Nanyama, shangazi yangu,

Huku mahindi yamefika magotini. Bungoma je?

Filamu yangu kuhusu wachoraji mashoga wa miaka ile ya ukimwi inaendelea. Jana nilirekodi ukuta ambapo kaka yako, marehemu Khaemba, alichora kijana wa kilemba akicheka. Rafiki yake, mzee Wakoli, akaniambia, "Huyo ni Aman, mpenzi wake. Ugonjwa ulimchukua kwanza. Khaemba akamchora, ati asisahaulike."

Senge, si kwetu mtoto hulia mpaka aitwe jina la marehemu wa nyumbani? Ukoo wetu haujawahi kuwa na Aman. Mbona kitinda mimba wako ulimwita Aman? Na Khaemba, alikuwa bado hai akakusikia ukimwita mtoto jina hilo?

Mtoto wako wa maswali,
Nelima